Bahari Inaanzia Mtumba

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimefukuzwa kazi. Sijafukuzwa (bado!). Nilikuwa natafuta jibu la swali nililoulizwa mbele za watu nikabaki kinywa wazi.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mkutano wa waandishi wa habari hapa Mtumba, ndani ya Mji wa Serikali, mada ikiwa ni uchumi wa buluu. Ofisi gani sitaji, maana ugomvi wangu si na mtu mmoja. Nikanyoosha mkono, nikauliza: haya maji ya mvua yanayotoka kwenye mapaa na lami ya mji huu mpya, nani anafuatilia yanakoishia? Maana mwisho wake ni baharini. Mkubwa mmoja akatabasamu, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akasema: "Kijana, hapa ni Dodoma. Bahari umeiona wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waandishi wenzangu nao wakacheka, tena wengine walicheka kuliko wenye ukumbi. Baada ya hapo zikagawiwa bahasha, samahani, soda, tukatawanyika.

Nami nilicheka. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Lakini nilipofika chumbani kwangu kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikajiambia: huyu mzee nitamjibu. Na sitamjibu kwa maneno ya semina, nitakwenda kuiona hiyo bahari yetu kwa macho yangu.

Kwanza tukumbushane jiografia ya shule ya msingi. Mvua ikinyesha Dodoma, maji hayabaki Dodoma. Yanaingia kwenye makorongo, na makorongo yanaingia Kinyasungwe. Huo ndio mto wetu, japo wengi tunauita korongo tu kwa kuwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, na akina mama wanaufukua mchanga huo ili wapate ndoo moja ya maji. Kinyasungwe unashuka kuelekea mashariki, unapita pande za Kongwa na Mpwapwa, unafika Gulwe, Godegode, Kidete. Reli ya kati, ile ya Mjerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910, imelifuata bonde hilohilo. Ukifika Kilosa mto umeshabadili jina, unaitwa Mkondoa. Ukishavuka mbuga ya Mkata unaitwa Wami. Wami unapita Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, unapita chini ya daraja la barabara ya Chalinze kwenda Segera, kisha unaingia Saadani na kumwaga kila ulichobeba kwenye Bahari ya Hindi, ukitazamana na Unguja.

Majina matatu, mto mmoja. Na hili si siri niliyoigundua mimi. Serikali yenyewe imeigawa nchi katika mabonde tisa ya maji, na jiji letu limo kwenye Bonde la Wami/Ruvu, ambalo bodi yake ina makao makuu Morogoro. Kwenye makaratasi, basi, Mtumba na Saadani ni majirani. Ni vichwani mwetu tu ndiko hawajuani.

Nikaomba siku chache za likizo. Nikashuka kwa basi hadi Chalinze, nikaunga hadi Mandera, na kutoka hapo nikapanda gari la wachuuzi wa kamba linalokwenda Saadani kijijini. Ilikuwa mwezi wa tatu, barabara ni tope, tukasukuma gari mara mbili. Saadani ni mahali pa ajabu kidogo. Zamani ilikuwa bandari ya misafara ya kwenda bara. Tangu mwaka 2005 eneo lake kubwa ni hifadhi ya taifa, ambako tembo wanaweza kushuka mpaka ufukweni. Nililipa kiingilio changu cha Mtanzania, nikatafuta boti.

Boti niliyoipata haikuwa ya watalii. Ilikuwa ya faiba, ya mchuuzi mmoja wa kamba, ina mashine ya nguvu farasi kumi na tano na ndoo iliyokatwa ya kufulia maji. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mfupi, mwenye maneno machache. Nilipomwambia natoka Dodoma alinitazama kwa huruma.

"Mgogo? Kuogelea unajua?"

"Sijui, mzee."

"Basi kaa katikati."

Tulisubiri maji yajae, kwa sababu kwenye mlango wa mto kuna fungu, na maji yakipwa boti inakaa juu ya mchanga kama kuku anayeatamia. Yalipojaa tukaondoka ufukweni tukaelekea kusini. Upepo ulikuwa mdogo, kaskazi ya mwisho mwisho, na bahari ilikuwa na ile rangi ambayo sisi wa bara tunaijua kwenye kalenda za ukutani. Kisha, ghafla, rangi ikakatika. Nawaambieni ukweli, ilikatika kama kitambaa kilichoshonewa kingine. Upande huu buluu ya kijani, upande ule wekundu wa chai iliyozidi maziwa. Mstari ulikuwa wazi kabisa, na juu yake yanaelea majani makavu, vijiti na povu.

Nahodha akapunguza mashine. Akaniambia, bila kunitazama: "Hii rangi ni ya kwenu."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mvua ya huku pwani ikinyesha peke yake mto unajaa lakini haugeuki hivi. Ukiona umegeuka hivi, ujue kumenyesha bara. Nikaitazama ile rangi vizuri. Jamani, mimi nimezaliwa Dodoma. Nimecheza kwenye udongo ule, nimefuliwa sare za shule zilizochafuka kwa udongo ule. Siwezi kuapa mahakamani kwamba kila punje ilitoka kwetu, lakini nilijisikia kama mtu aliyekutana na shati lake lililoibiwa, limevaliwa na mtu asiyemjua.

Tukaingia mlangoni. Pande zote mbili ni mikoko. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi yake iliyojipinda kama miguu ya kaa, na mchu unatoa mizizi midogo inayochomoza topeni kama penseli zilizopangwa. Mizizi hiyo ndiyo pua zake. Mti ule unapumua kwa kupitia hapo, maana tope halina hewa. Hapo ndipo nahodha alianza kusema zaidi kidogo. Akanionyesha sehemu ambako tope jipya limepanda mpaka zile penseli hazionekani, na michu ya hapo imesimama mikavu, mieupe, haina jani. Mbele kidogo ni kinyume chake: ukingo umemeguliwa, na mikoko mikubwa imelala kifudifudi majini, mizizi juu. Mto uleule unazika upande mmoja na kubomoa upande wa pili.

"Hapa," akanionyesha kisiwa kidogo chenye majani, "nilikuwa napita na mzigo. Sasa analala kiboko." Na kweli kiboko alikuwepo, tena watatu. Nilikaa katikati ya boti kama nilivyoelekezwa.

Tulipokwenda juu zaidi mandhari yalibadilika kila baada ya kona. Mikoko ikapungua, yakaja matete na ukindu, kisha miti mirefu ya kingoni iliyojaa mbega, mikia yao mieupe ikining'inia kama mapazia. Mamba wamejianika. Ndege sijui hata majina yao. Kona baada ya kona baada ya kona. Nikakumbuka kisa nilichowahi kusoma chuoni: mwaka 1876 wamisionari wa CMS, akiwemo Alexander Mackay aliyekuja kuwa maarufu Buganda, walijaribu kuupanda mto huuhuu kwa kiboti kidogo cha moshi kilichoitwa Daisy. Walitumaini Wami ungewafikisha karibu na Mpwapwa bila kutembea kwa miguu. Hawakufika mbali, mto ulikuwa mwembamba na umejikunja mno, wakarudi. Lakini angalieni jambo moja, ndugu zangu. Wale wageni, ambao hata ramani nzuri hawakuwa nayo, walielewa kwamba Mpwapwa na Saadani zimeunganishwa na maji. Sisi wenye satelaiti tunaulizana bahari iko wapi!

Kwenye kona moja nahodha alizima mashine, akachovya kidole majini, akalamba. Akaniambia nami nilambe. Maji yalikuwa na chumvi kwa mbali. Akasema hiyo ni masika, mto umejaa. Kiangazi chumvi inapanda juu zaidi, na wavuvi wa makambini inabidi wayafuate mbali maji ya kunywa, kuliko enzi za ujana wake. Sababu yake haihitaji shahada. Mto ukiwa na nguvu unaisukuma bahari nje. Mto ukiwa dhaifu, bahari inaingia ndani. Na mto wenye afya ni ule unaokwenda mwaka mzima kidogo kidogo, kwa sababu ardhi ya juu ilikunywa mvua na inairudisha polepole. Mto mgonjwa ni ule unaokuja wote kwa siku tatu, umebeba udongo, kisha unakauka. Kamba wanaoitajirisha Saadani hukulia humu kwenye maji mchanganyiko, wakiwa wadogo, kabla hawajatoka baharini. Ukiharibu mchanganyiko huu umeharibu kamba, na ukiharibu kamba umeharibu ada ya shule ya mtoto wa yule nahodha.

Wakati wa kurudi niliona mfuko wa sementi umenasa kwenye mizizi ya mkoko. Mzee akaugusa kwa upondo. "Mzigo wako huo umefika, Mgogo." Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nami nikacheka. Mfuko ule huenda ulitoka Kilosa au Dakawa, au kwa jirani tu pale. Sina risiti yake. Lakini kicheko hiki hakikufanana na kile cha ukumbini.

Sasa nirudi Mtumba, maana ndiko kwenye kesi.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili yanayohusu mkoa huu. La kwanza kila mtu analijua: TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. La pili wengi wamelisahau: ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu udongo wa mkoa ulikuwa unakwisha kwa mmomonyoko. Hali ya Kondoa ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mtu aliyerithi ng'ombe kwa babu yake aliambiwa: toa, kwa sababu kwato zao zinaumiza ardhi ya taifa. Wakatoa, wakanung'unika, wakaumia.

Na elimu ilikuwepo hata kabla ya hapo. Pale Mpwapwa, tangu miaka ya 1930, watafiti walikuwa wanapima vipande vya ardhi, kimoja kina majani, kingine kimelimwa, kingine kitupu, waone kila mvua inaondoka na maji kiasi gani na udongo kiasi gani. Miaka ya mwanzo ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wakaja kupima mabwawa yetu, likiwemo Ikowa huko Chamwino, wakakuta tope linayajaza kwa kasi ya kutisha. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, nalo limekuwa likipokea tope hilo miaka yote hii. Kwa hiyo asije mtu akaniambia tunahitaji utafiti zaidi. Utafiti tunao tangu babu zetu wakiwa vijana. Tulichokosa ni haya ya usoni.

Kwa sababu tazameni tulichofanya baadaye. Serikali ilihamia kweli, na mimi niseme wazi kwamba ninaunga mkono, nimefurahi, mkoa wangu umepata heshima. Mji wa Serikali ukazinduliwa hapa Mtumba Aprili 2019. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Miaka kumi tu! Zikaja lami, mapaa, maegesho yenye pevingi, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Kila palipokuwa na kichaka kinachokunywa mvua pakawa na kitu kigumu kinachoitema.

Fanyeni hesabu hii wenyewe, ni ya darasa la sita. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Mvua ya milimita 50, ambayo Dodoma tunaijua vizuri inaposhuka kwa hasira mchana mmoja wa Januari, ni lita 500,000 kwenye hekta moja. Zikianguka porini, sehemu kubwa inazama. Zikianguka kwenye bati na lami, karibu zote zinakimbia. Zidisha kwa hekta zote tulizofunika, halafu uniambie maji hayo yanakwenda wapi kwa mwendo gani, na yanaondoka na nini kwenye udongo wetu huu mlaini usio na majani.

Na huu ndio mji uleule unaolia kila kiangazi kwamba hauna maji! Tunachimba visima Mzakwe, tunazungumzia kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria, mamia ya kilomita, na wakati huohuo lita laki tano za kila hekta tunazisindikiza nje ya uzio kama mgeni asiyetakiwa. Nyuma ya jengo moja hapa (lipi? sisemi) nimesimama mara nyingi wakati wa mvua nikitazama mtaro mzuri wa zege, umenyooka, umesakafiwa, wa kupendeza kwa kweli. Ukifika kwenye uzio unaishia hewani. Chini yake kuna shimo ambalo mwaka wa kwanza lilikuwa la kufika gotini. Sasa naweza kusimama ndani yake nisionekane.

Huko ndiko bahari inakoanzia.

Na kati ya hilo shimo na Saadani kuna watu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika Kilosa, ukavunja kingo, ukaingia majumbani, maelfu wakalala kwenye mahema, na reli ikasombwa, treni zikasimama kwa miezi. Wakati huo Mji wa Serikali haukuwepo, kwa hiyo simlaumu asiyehusika. Ninachosema ni kwamba tulishaonyeshwa hasira ya mto huu kabla hatujaufunika mwanzo wake kwa lami. Hatuwezi kusema hatukujua. Siku hizi wakubwa wanapanda treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, wanalipita bonde hilohilo la Kilosa, macho yao yakiwa kwenye simu.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hiyo niyajibu mapema.

La kwanza: "Tope ni la wakulima na wafugaji." Sehemu kubwa, ndiyo. Milima ya Kongwa na Mpwapwa imelimwa mpaka kileleni, na huko chini mashamba makubwa yanavuta maji ya Wami. Sikatai. Lakini mkulima wa Kongwa analima apate kula, na hana mhandisi, hana mshauri mwelekezi, hana bajeti inayosomwa bungeni. Sisi wa Mtumba tunavyo vyote hivyo. Kama mwaka 1979 mfugaji wa Kondoa aliweza kuambiwa atoe ng'ombe wote, mwenye jengo la ghorofa sita anashindwaje kuambiwa achimbe lambo?

La pili: "Tumepanda miti." Mmepanda, na kampeni ya Dodoma ya Kijani ya mwaka 2017 nimeishangilia na kuiandika. Lakini mti mmoja kwenye kibeseni chake kando ya barabara hauzuii maji ya hekta nzima yanayopita mita mbili pembeni yake. Kupanda mti ni picha nzuri gazetini. Kuchimba shimo la kutunza maji hakuna picha. Nadhani ndiyo shida yenyewe.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Mambo ya pwani waachie watu wa pwani." Waachiwe vipi? Wizara inayoshughulikia uvuvi iko hapa. Ya maji iko hapa. Ya maliasili iko hapa. Mazingira yako hapa. Yule nahodha akitaka kulalamika kwamba mikoko inakufa, barua yake inapanda bonde zima mpaka Mtumba, na tope tunamrudishia kwa njia ileile. Mamlaka juu ya bahari tumeyahamisha tukayaleta bara, lakini wajibu tumeuacha ufukweni. Hiyo si haki.

Basi ninataka nini? Mimi ni mwandishi tu, sina kura bungeni. Lakini niseme.

Kwanza, mtaro wowote wa Mji wa Serikali usiishie kwenye uzio. Uishie kwenye lambo, maji yatulie, udongo ushuke, yazame au yatumike kumwagilia hiyo miti tuliyoipanda. Na kila paa la ofisi ya umma liwe na tangi. Wanakijiji tunawahubiria uvunaji wa maji ya mvua, tuanze na sisi.

Pili, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Tumeitumia kubomolea watu nyumba mabondeni. Itumike pia kwenye makorongo yetu, ambako fuso zinashindana kusomba mchanga. Korongo ni mto. Kutokuwa na maji mwezi wa tisa hakulifanyi kuwa machimbo.

Tatu, tathmini ya athari kwa mazingira isiishie kwenye mipaka ya kiwanja. Kila mradi hapa unaulizwa kuhusu vumbi, kelele na taka zake. Uulizwe na hili: maji yako yakitoka getini, yanamfikia nani?

Nne ni sisi waandishi, na hapa najiweka wa kwanza kizimbani. Habari hii niliipeleka kwa mhariri wangu kabla ya kuileta hapa. Akaniuliza: "Nani kasema? Kuna kiongozi kazungumza?" Nikamwambia kazungumza nahodha. Akasema basi si habari, labda makala ya Jumapili, tutaona. Hatujaona mpaka leo. Tumezoea kwamba kitu hakijatokea mpaka mtu mwenye tai akitamke mbele ya kipaza sauti. Mto hauna tai. Ndiyo maana umekuwa ukitangaza habari yake kwa wekundu ule, kila masika, na hakuna hata mmoja wetu aliyetumwa kuuripoti.

Na la mwisho, ambalo wengine mtaliona la utani lakini mimi silifanyii utani. Kila mkubwa anayeteuliwa kwenye ofisi inayogusa maji, ardhi au ujenzi hapa Mtumba, kabla hajapewa gari, apandishwe boti. Boti ile ya faiba, ya mashine ndogo, ndoo miguuni. Apelekwe mlango wa Wami mwezi wa tatu. Asiende na msafara wala waandishi. Afike pale rangi inapokatika, mashine izimwe, akae kimya nusu saa. Halafu aingie ndani, alambe maji, aitazame michu ile mikavu. Kisha arudi Dodoma akasaini anachotaka kusaini.

Tulipofika ufukweni nahodha alikataa nauli ya ziada niliyotaka kumpa. Akasema: "Mwanangu, wewe ukirudi huko, waambie tu wapunguze." Sikumuuliza wapunguze nini. Sote wawili tulikuwa na tope la rangi ileile miguuni.

Kwa hiyo, mkuu wangu uliyeniuliza siku ile, naomba nijibu sasa, samahani kwa kuchelewa. Bahari nimeiona Saadani, umbali wa siku moja ya basi na gari la kamba. Halafu nimerudi nikaiona tena mvua ilipotunyeshea hapa, nyuma ya uzio, ikitoka kwenye mtaro wako. Ilikuwa nyekundu vilevile.

Nawasilisha. Mwenye hoja kinzani aje nayo, tutakaa tujadili. Asije na kicheko tu.